Kamba kwanza, miguu baadaye: somo la mzee mmoja wa mtumbwi pale Kituku

Leo naomba tuache kwa muda habari za mapigano, tuzungumze juu ya kamba. Ile kamba ya kawaida ya kufungia boti ikifika ukingoni. Wengine watasema mwandishi amekosa habari. Mnisikilize kwanza, halafu mtahukumu.

Wiki iliyopita nilikuwa Kituku tangu asubuhi, nikirekodi bei za vyakula kwa ajili ya kipindi chetu cha soko. Karibu saa nne upepo wa ziwani ukaanza kuvuma kuelekea mjini, na maji yakaanza kupiga mawe. Mnajua ukingo wetu: ni mawe meusi ya volkeno, makali kama kisu. Boti ikisukumwa juu yake bila kushikwa, ubao unapasuka.

Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja akija kutoka upande wa Idjwi, peke yake ndani ya mtumbwi mdogo uliojaa mananasi. Alikuwa amesimamisha fito mbili na kufunga bashi juu yake, ile turubai tuliyoifahamu sote kambini, na upepo ulikuwa unamsukuma kama tanga la kweli. Nikajiambia: huyu anakuja kwa kasi, na nyuma yake ni upepo, na mbele yake ni mawe. Atafanyaje bila msaidizi? Nikazima mashine ya kurekodi, nikatazama.

Kitu cha kwanza alichofanya, akiwa bado mbali kabisa, ni kushusha ile bashi. Akaikunja, akaikalia. Mtumbwi ukapunguza mwendo. Kisha hakupiga kasia. Alikaa kimya akitazama moshi wa majiko ya mama wanaouza chakula sokoni, kujua upepo unaelekea wapi hasa, na akitazama boti kubwa zilizofungwa, kutafuta nafasi kati yake. Wakati huo mikono yake ilikuwa inatengeneza vitu vitatu. Nyuma ya mtumbwi aliweka jiwe kubwa lililofungwa kamba ndefu. Mbele, alikunja kamba nyingine vizuri na kuiweka juu ya goti. Ubavuni alining'iniza kipande cha tairi kuukuu.

Alijaribu nafasi ya kwanza, hakuridhika nayo, akageuza akarudi ziwani. Vijana waliokuwa ukingoni wakamcheka. Yeye hakujali. Akazunguka, akaja tena. Alipobakiza kama mita ishirini, alitupa lile jiwe majini nyuma yake na kuzungusha kamba yake kwenye ubao wa kukalia. Kuanzia hapo upepo ulimsukuma kuelekea mawe, lakini mwendo aliupanga yeye, kwa sababu kamba ya nyuma aliiachia kidogo kidogo. Tairi likagusa ukingo polepole. Hakuruka. Aliinuka akiwa ameinama, mkono mmoja umeshika mtumbwi, mwingine umeshika kamba ya mbele, akaweka mguu juu ya jiwe kavu kama mtu anayeshuka kitandani. Kamba akaizungusha mara mbili kwenye nguzo kabla ya kufunga fundo, ili nguvu ya mtumbwi ibebwe na nguzo, si na mikono yake. Akarudi, akavuta kamba ya nyuma mpaka mtumbwi ukasimama kati ya kamba mbili bila kugonga mawe.

Ndipo alipoinua nanasi la kwanza.

Nikamkaribia, nikamsalimu. Nikamuuliza: "Mzee, kwa nini hukuwaita hawa vijana wakushikie kamba?" Akacheka. Akasema: "Mwanangu, hawa wanataka matabishi kwanza, na upepo haungoji. Halafu mtu anayesafiri peke yake hana wa kumsingizia. Kwa hiyo kamba zake anazitengeneza mapema."

Maneno hayo yamenikaa kichwani siku zote hizi. Ndiyo sababu ninaandika.

Wengi kwenye boti, hakuna wa kamba

Baada ya nusu saa hivi, boti ya mbao yenye moteri ikaingia na abiria na magunia. Hiyo ilikuwa na wafanyakazi. Nilihesabu watano wenye kupiga kelele. Lakini hakuna aliyekuwa na kamba mkononi. Moteri ilizimwa wakati ukingo uko karibu sana. Kabla boti haijagusa kitu, abiria wa nyuma walikuwa wamekwisha kusimama, wengine wanavua jile za kujiokolea, wengine wanapitisha watoto juu ya vichwa. Wabebaji wa mizigo wakaruka kutoka ukingoni na kuingia ndani, kila mmoja anashika gunia ili awe wa kwanza kupata kazi. Boti ikalala upande mmoja. Ikarudi. Ikalala tena. Kamba ilitafutwa chini ya miguu ya watu.

Siku hiyo hakuna aliyekufa, kwa hiyo haikuwa habari. Hiyo ndiyo shida yetu. Mzee mmoja mwenye mananasi anafika ukingoni kwa usalama kuliko boti yenye wafanyakazi watano, na tunaona ni jambo la kawaida.

Lakini sisi wa Goma hatuna ruhusa ya kuliona hivyo. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikavuka ziwa, ikafika mbele ya Kituku. Watu waliokuwa sokoni waliiona. Ndugu waliokuja kupokea mizigo waliiona. Ilizama ikiwa karibu kufunga, mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na marehemu 78. Hesabu zilizotolewa baadaye hazikulingana, na kuna familia ambazo hadi leo hazijapata mwili wa kuzika. Mimi nilikuwa pale mchana ule. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni mama waliosimama juu ya mawe wakipiga simu moja tena na tena, simu ambayo haikupokelewa.

Sitasema kwamba kamba ingeiokoa Merdi. Sina uwezo wa kusema hivyo, na ningewakosea heshima wafiwa. Boti iliyobeba watu na mizigo kupita kipimo iko hatarini tangu inapoondoka. Ninachosema ni hiki: ajali ile ilitufundisha kwamba kuona mji si kufika mjini. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na ukingo wake katika sehemu nyingi unateremka ghafla. Hatua chache kutoka kwenye mawe, mguu haupati chini. Mita hamsini za mwisho zinaweza kuua sawasawa na katikati ya ziwa.

Na si sisi peke yetu. Majirani zetu wa Tanzania wanakumbuka kivuko MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 mwezi wa tisa mwaka 2018 katika Ziwa Victoria, mbele ya kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimebakiza mita chache kufika gatini. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kikabeba zaidi ya mara mbili yao. Watu 228 walikufa. Habari za siku zile zilisema abiria walianza kusogea upande mmoja ili wawe wa kwanza kushuka. Wale pia walikuwa wanaona nyumba zao.

Kwa nini boti hupinduka ikiwa karibu kufika

Naandika sehemu hii hasa kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka milima ya Masisi na Rutshuru. Wengi wenu mlizaliwa mbali na maji. Mtu anayejua ng'ombe, maharagwe na njia za mlimani halazimiki kujua boti. Vita ndiyo iliyomweka ndani yake. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na si aibu kuelezwa.

Fikirieni chukudu iliyopakiwa magunia ya makala. Ikiwa inateremka kutoka Kibumba, inakwenda sawasawa, hata ukiogopa kuitazama. Inaanguka lini? Inaanguka wakati wa kusimama, na inaanguka ukitoa gunia la upande mmoja kabla hujaitegemeza. Kila kijana wa chukudu analijua hilo. Kwanza anaitegemeza, halafu anashusha, huku na huku kwa zamu.

Boti si chukudu, lakini inafanana nayo katika jambo hilo. Watu wakiwa wamekaa chini, uzito uko chini na boti inatulia. Wakisimama, uzito unapanda juu. Wakisogea wote upande wa ukingo, boti inalala upande huo. Maji yaliyoingia ndani wakati wa safari nayo yanakimbilia upande ule ule, yanaongeza uzito mahali pabaya. Na ikiwa moteri imezimwa ghafla, lile wimbi ambalo boti yenyewe ililitengeneza nyuma linaifikia na kuiinua. Mambo haya yote yanatokea ndani ya dakika moja, na dakika hiyo ni ile ile ambayo kila mtu anasema moyoni: asante Mungu, tumefika.

Kwa hiyo usione ajabu kwamba boti huvuka ziwa lote na kuzama mbele ya soko. Kuingia bandarini ni kazi ngumu kuliko kuvuka. Mzee wa mananasi analijua hilo, ndiyo sababu alianza kazi ya kufunga akiwa bado mbali.

Mimi mwenyewe nilisimama

Sasa niseme jambo langu, ili msidhani ninawafundisha nikiwa nimekaa kivulini. Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda Minova kwa kazi, nikarudi kwa boti. Jina la boti sitalitaja. Baada ya yote niliyoyaona tarehe 3, baada ya kuwahoji walionusurika, mngetegemea niwe mtu wa busara kuliko wote mle ndani. Tulipokaribia Goma, nikaona jengo ninalolijua, nikaona watu. Nikasimama. Nikachukua mfuko wangu wa mashine, nikaanza kupita juu ya miguu ya watu kwenda upande wa ukingo, kwa sababu nilitaka kuwahi kipindi cha jioni.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika koti. Hakunijua, wala hakutaka kunijua. Akasema kwa nguvu: "Papa, ikala chini! Unataka kutumwanga mu maji?" Watu wakanitazama. Nikakaa. Niliona haya hadi masikioni. Boti ikayumba kidogo kwa sababu yangu, kisha ikatulia, na yule mama akaendelea kumnyonyesha mtoto kama hakuna kitu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama. Jibu si ujinga, maana nilikuwa najua. Nilisimama kwa sababu mwili unaamini macho. Ukiona nchi kavu, mwili unasema safari imekwisha. Na pia nilisimama kwa sababu wengine walisimama. Mtu mmoja akiinuka, wa pili anaogopa kubaki nyuma.

Wengine wana sababu nzito kuliko yangu. Mama mchuuzi anajua kwamba atakayefika sokoni wa kwanza ndiye atakayeuza kwa bei nzuri. Mwenye gunia moja tu la maharagwe anaogopa litachukuliwa na mbebaji asiyemjua. Mkimbizi anayemtafuta mtoto wake aliyetangulia anataka kuona sura za watu ukingoni. Siwahukumu. Lakini gunia linasubiri, na mtoto aliye ukingoni anasubiri pia. Kitu kisichosubiri ni boti iliyopoteza usawa.

Msituambie vita, halafu mkae kimya

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimekwisha kulisikia kwenye simu za wasikilizaji. "Wewe mwandishi, acha mambo ya kamba. Barabara ikifunguliwa, hakuna atakayepanda boti hizi." Ni kweli, na ninalisema bila kuficha. Mapigano yalipoikata barabara ya Sake mwezi wa pili mwaka 2024, chakula cha Minova na cha Kalehe, wagonjwa, wanafunzi na wakimbizi, vyote na wote vilihamia ziwani. Raia hawakuchagua. Hata mwezi wa tano mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka na sehemu ya mji kuamriwa kuhama, wengine walikimbilia Sake na wengine walijaa kwenye boti za kwenda Bukavu. Kila Goma inapopata shida, ziwa ndilo mlango wa pili. Ni haki yetu kudai amani na barabara.

Ni kweli pia kwamba kujaza boti si kosa la mama anayelipa nauli. Ni kazi ya wenye boti kukataa abiria wa ziada, na ni kazi ya wakuu wa bandari, huko inakotoka na huku inakofika, kuhesabu watu na kuzuia. Yeyote anayepokea malipo ili afumbe macho anauza maisha ya watu. Nimelisema redioni na nitalisema tena.

Lakini tusitumie vita kama mto wa kulalia. Amani haiko mikononi mwa nahodha wa boti. Barabara haiko mikononi mwa kijana anayebeba mizigo Kituku. Kamba iko mikononi mwao. Haihitaji mkutano wa marais, haihitaji mfadhili. Mzee wa Idjwi ana umri mkubwa, yuko peke yake, ana mtumbwi na bashi iliyotoboka, na ameweza. Sisi wenye mji mzima tunashindwaje?

Mambo tunayoweza kuanza kesho

Kwanza, kwa wenye boti na manahodha. Kabla ya kuingia bandarini, wapangeni watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na kamba yake mkononi, na kazi yao iwe hiyo tu. Matairi yaninginizwe ubavuni mapema. Moteri ipunguzwe ukiwa mbali, si kuzimwa mbele ya mawe. Nafasi isipokuwa nzuri, geuzeni mrudi, mzunguke. Hakuna aibu. Vijana walimcheka mzee aliporudi ziwani, lakini wao ndio waliokuwa wamesimama bure na yeye ndiye aliyefika na mananasi yake yote.

Pia semeni na abiria. Nahodha au msaidizi wake atangaze mapema: tunakaribia, kaeni chini, hakuna kusimama mpaka kamba zote mbili zifungwe. Aseme kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa Kihavu, Kihunde au Kinyarwanda, ili bibi aliyetoka kijijini asikie kwa lugha yake.

Pili, kwa vijana wabebaji. Ninyi ni ndugu zetu na kazi yenu ni ngumu. Lakini ninyi mkiruka ndani ya boti isiyofungwa mnaipindua kwa uzito wenu. Wekeni utaratibu wenu wenyewe: mstari juu ya ardhi, na hakuna anayeuvuka kabla ya kamba. Mna chama na mna wakubwa wenu. Mambo haya yanaweza kupangwa kwa jioni moja. Na mtu aliye peke yake akija na mtumbwi wake, mshikieni kamba kwanza, matabishi mtazungumza baadaye. Kumshikia mtu kamba ni kama kumfungulia mgonjwa mlango.

Tatu, kwa wakuu wa bandari. Pale Kituku panahitaji nguzo imara za kufungia na njia moja ya kushukia watu, kando ya njia ya mizigo. Watu washuke kwanza, magunia yafuate. Kodi na karatasi ziulizwe juu ya nchi kavu, mtu akiwa amesimama kwa miguu yake miwili, si ndani ya boti inayoyumba. Tunalipa kodi kila siku pale. Nguzo chache si ombi kubwa.

Nne, kwetu sisi abiria. Vaa jile, na usiivue kwa sababu umeona soko. Ivue ukiwa umeshuka. Kaa chini. Mshike mtoto mapajani. Mwenzako akisimama, mwambie kwa heshima akae, na asiposikia, mshike koti kama yule mama alivyonishika mimi. Zamu yako ikifika, inuka ukiwa umeinama, shika kitu, weka mguu taratibu. Haraka haraka haina baraka, na kwenye maji haina hata msamaha.

Waambieni wageni, wale ambao hawajawahi kuliona ziwa. Watoto wa Bulengo wanaoteka maji ukingoni wanaona boti zikipita kuliko sisi wote. Wafundisheni maneno manne tu: kamba kwanza, miguu baadaye. Mtoto akiyajua, atamwambia bibi yake siku watakapopanda boti.

Kwa upande wangu, nimeomba kwa wakubwa wangu wa redio dakika moja kila asubuhi kabla ya boti za kwanza kuondoka, tuyaseme maneno hayo hewani. Wamekubali kujaribu. Msikilizaji mwenye sauti nzuri na anayejua Kihavu vizuri aje atusaidie kurekodi.

Jana nilipita tena Kituku. Upepo ulikuwa umetulia. Boti moja iliingia, na katikati ya makelele ya kawaida nikamwona mama mmoja, pengine mchuuzi wa mihogo, ambaye hakusimama. Wengine walimpita, mmoja akamkanyaga. Alibaki amekaa juu ya mfuko wake, macho yake yanatazama mikono ya kijana aliyekuwa anafunga kamba. Fundo lilipokaza, aliinuka, akatikisa kitambaa chake, akashuka bila haraka. Alipata mahali pa kuuzia sokoni kama wengine wote.